Kiingereza cha Kumtembeza Mgeni

Kijana akiambiwa kesho kuna wageni wa kutembezwa hapa Kakuma, usiku huo anakariri. Ameandika kwenye daftari: tutaanzia bombani, tupite sokoni, tuingie nyumba moja au mbili, tumalizie shuleni. Kila mahali pana maneno yake, na anayarudia mpaka yatoke bila kukwama. Ni kazi nzuri. Shida ni kwamba Kiingereza chetu, wengi tumekiokota kwenye fomu, mabango na mikutano ya mashirika. Basi sentensi tunazozijua ni sentensi za ofisini.

Ndiyo maana mama anayeamka saa kumi alfajiri kukanda maandazi, na anayetukopesha mpaka mwisho wa mwezi, kwa Kiingereza anageuka kuwa mnufaika, mwanamke mwenye hali dhaifu. Si kwamba kijana anamdharau. Maneno aliyo nayo ndiyo hayo. Lakini mtu akipungukiwa maneno, amepata ruhusa ya kusema yasiyo sawa?

Tazameni jina lenyewe la hapa. Wageni wameandika mara nyingi kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili, eti maana yake ni pasipo popote. Wewe unayesoma hapa Kiswahili unakijua: umewahi kulisikia neno hilo kwa maana hiyo? Mji ulikuwa na jina lake kabla kambi haijafunguliwa mwaka 1992, na Waturkana wanaoishi hapo, kwao ni mahali kabisa. Lakini kwa Kiingereza sentensi ile ni tamu. Mwongozaji akiirudia, inakuwa kweli, kwa sababu imetoka mdomoni mwa mkaaji wa kambi.

Na wale vijana wa Sudan waliotoka Ethiopia kwa miguu, wakawa kati ya watu wa kwanza kufika hapa, dunia inawaita wavulana waliopotea. Walijua wanakimbia nini. Na wasichana walikuwemo; jina limewaacha njiani.

Najua jibu la wengine: ndugu yangu, huzuni kidogo inaleta msaada. Ukimwonyesha mgeni duka lililojaa, akirudi kwao atasema hatuna shida, halafu posho ipunguzwe. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Tumbo halijui falsafa. Lakini tofautisha mambo mawili. Kusema kwamba duka limejaa na wengi hawana cha kununulia, hiyo ni kweli nzima. Kupita mbali na duka ili mgeni asilione, hapo unamwongoza mgeni au unamficha?

Mtu akisemwa barazani kwa lugha yake, anaweza kudakia: hapana, si hivyo. Kwenye matembezi, mama amesimama mlangoni anatabasamu, anasikia jina lake tu katikati ya maneno asiyoyaelewa. Amekuazima nyumba yake na uso wake. Mwenye kuazima ana deni, na deni hili halilipwi kwa matamshi mazuri.

Kwa hiyo naona maandalizi yaanze upande mwingine. Kabla ya daftari la Kiingereza, nenda kwa mama, umwambie kwa lugha yake: nitasema hivi juu yako, ni sawa? Akikataa, futa. Akiongeza, tafuta maneno mepesi ya kuongeza. Sentensi fupi yenye makosa ya sarufi, "huyu mama anapika, anasomesha watoto wawili", inambeba kuliko neno kubwa la ofisini. Nanyi wa mashirika, mkitaka tutembeze wageni, tuambieni mapema, tupate muda wa kubisha hodi kwanza.

Tena tukumbuke, watoto wetu wanafundishwa Kiingereza darasani kila siku. Yule mdogo aliyeshika kanga ya mama yake hapo mlangoni, karibu ataelewa yote. Tuseme maneno ambayo mtoto huyo, mgeni akishaondoka, anaweza kumtafsiria mama yake bila kuinamisha kichwa.