Watu wa Kizimkazi, Tunamkimbiza Nani?

Kila kukicha Kizimkazi boti zinasukumwa majini, mashine zinatiwa moto, wageni wanavalishwa miwani na mapezi ya kuogelea. Nahodha mmoja akiona pomboo wameibuka, kufumba na kufumbua boti zote ziko pale pale. Wakizama, tunazunguka kuwakatia njia. Wakiibuka, tunaongeza moto. "Rukeni! Rukeni sasa!" tunawapigia kelele wageni, nao wanajitupa katikati ya mama na watoto wao. Jioni tunaiita kazi hiyo hifadhi.

Uongo mtupu.

Nani asiyejua? Nahodha anajua kwamba pomboo hana matamvua, sharti apande juu kuvuta pumzi. Ndiyo maana anamvizia hapo hapo. Anajua kwamba jike huzaa mtoto mmoja tu, baada ya mimba ya takriban mwaka mzima, kisha humnyonyesha wakiogelea ubavu kwa ubavu, mbele ya rafadha zetu. Papasi anayetuletea wageni anajua, na bado anamwapia mgeni kwamba atawagusa pomboo. Mwenye hoteli anajua, na picha ya pomboo ameitundika mapokezi. Sisi tuliobaki tunajua, tunakula na kunyamaza. Watafiti walikuja wakatwambia waziwazi: boti zikiwaandama, pomboo hukosa mapumziko, wakabaki kuhangaika. Tuliwasikia, tukawapa chai, tukawaaga.

Hadi katikati ya miaka ya 1990 tuliwavua pomboo tukawafanya chambo cha papa. Tuliacha kwa huruma? La, aliye hai alileta fedha zaidi. Mwaka 1997 ghuba yetu hii ya Menai ikatangazwa eneo la hifadhi, tukapiga makofi. Chusa tukaitua, tukashika usukani. Na miongoni mwa hao tunaowafukuza wamo pomboo wenye nundu, walioorodheshwa duniani kuwa hatarini kutoweka.

"Mgeni ndiye anayetaka," tunasema. Ajabu! Tuna msikiti Dimbani wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, fahari yetu. Pale mgeni huyo huyo tunamwambia avue viatu, ajistiri, ashushe sauti, naye anatii bila kinyongo. Mbona baharini ulimi unatufia ganzi? Aliyeumba bahari hii si ndiye anayeabudiwa msikitini mle?

"Nikipunguza mimi, mwenzangu atanipita." Kila nahodha anasema hivyo. Basi kila nahodha ndiye huyo mwenzake.

Tupunguze mashine. Tuwakaribie pomboo polepole kutoka ubavuni, tusiwakate mbele. Boti zikiwa nyingi, tungoje zamu. Tukiona mama na mtoto, tugeuze, hata mgeni akinuna, hata akidai fedha zake. Mchuma janga hula na wa kwao: pomboo wakiihama ghuba hii, njaa haitabisha hodi kwa nahodha peke yake. Itaingia kwa papasi, kwa mpishi, kwa muuza vinyago, kwa mtoto anayesomeshwa kwa fedha ya boti.

Siku hiyo tusiulizane nani aliyewafukuza.