Deni au Makosa?

Somo: Mathayo 6:12, Mathayo 18:23-35, Luka 11:4

Tukisali Sala ya Bwana na wageni kutoka makanisa mengine, kuna mahali sauti hugongana. Wengine husema "makosa", wengine "deni". Nani amekosea?

Hakuna. Yesu aliongea Kiaramu, na kwa Kiaramu neno hoba ni deni na pia ni dhambi. Mathayo, kwa Kigiriki, alishika upande wa deni: ofeilema, kile unachopaswa kulipa. Luka aliandika hamartia, dhambi, neno ambalo zamani lilisemwa pia juu ya mshale uliokosa shabaha. Lakini soma Luka 11:4 mpaka mwisho. Akifika kwa jirani, deni linarudi: Biblia ya Muungano inasema "tumwiaye", yaani yule tunayemdai. Wajerumani hadi leo wana Schuld, hatia na deni pamoja. Sisi "deni" tulilipata kwa Waarabu, dayn, na kwetu limebaki neno la pesa.

Mimi napenda "deni", na si kwa sababu nilisomea biashara (sawa, kidogo). Makosa unaweza kusamehe kwa mdomo tu. Deni lina kiasi. Ukilifuta, halipotei hewani. Hasara inaingia kwenye kitabu chako wewe. Ndiyo maana kusamehe kunauma, na ndiyo maana Mungu hakutusamehe kwa maneno matupu bali kwa msalaba.

Tena tumezoea kuhubiri kwamba yule mtumwa wa Mathayo 18 alikuwa akidai vijisenti. Si kweli. Dinari 100 ni ujira wa kibarua wa siku 100, ukilinganisha na Mathayo 20:2. Kwa mtu wa mjengo anayelipwa shilingi 800 kwa siku, hiyo ni 80,000! Mkopeshe ndugu wa kanisani pesa hiyo, kisha aanze kukuhepa Jumapili, uone kama utalala. Yesu hakusema ni kidogo. Aliiweka tu kando ya talanta 10,000, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000.

Basi aliyekopa anyamaze, asubiri kusamehewa? La. Mzizi ule ule wa ofeilema uko Warumi 13:8, na hapo Paulo anaongea na mwenye deni: alipe. Kufuta deni ni uamuzi wa anayedai. Wewe unayedaiwa, kama pesa haijapatikana, mpigie simu kesho umwambie hivyo, kabla hajakutafuta.