Ahadi Iliyogongwa Kwenye Chuma

Mnunuzi wa vyuma chakavu hapimi kitu ila uzito. Jiliwa lililobana kazi za mafundi vizazi viwili litatupwa rundo moja na springi ya gari iliyovunjika, na bei ni ileile kwa kilo. Mimi huyawahi kabla hayajafika huko. Nimekuwa nikiyakusanya kwa miaka sasa, haya majiliwa ya zamani, vaisi kama wanavyosema mafundi wengi, na sijayachoka.

Kulitambua huanza na brashi ya waya. Chini ya tabaka za rangi na grisi iliyoganda utakuta jina lililosubiwa pamoja na mwili wenyewe. Ukisoma Record na Sheffield, hiyo ni kazi ya C. & J. Hampton wa Uingereza, na huenda ukaona bado mabaki ya buluu yao pembeni. Namba nayo ina maana: No. 3 ni la taya za inchi 4.

Lakini linalonigusa zaidi ni Wilton, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1941 na Hugh Vogl, mhamiaji kutoka Czechoslovakia. Umbo lake ni kama risasi. Parafujo imefichwa ndani ya mwili wa mviringo, chenga za chuma zisiifikie. Chomoa taya inayotembea uigeuze, utaona tarehe imegongwa kwa chini. Katika yale ya mwanzo, hiyo si tarehe ya kutengenezwa. Ni siku ambayo dhamana ya miaka 5 ilikwisha. Fikiria mtu anayekubali kugonga ahadi yake kwenye chuma, mahali ambapo haiwezi kufutika, ili mteja aje kumdai. Naitafuta roho hiyo katika vitu tunavyouziwa leo, na mara nyingi siioni.

Jiliwa pia husema habari za waliolitumia. Mkono uliopinda ni ushahidi kwamba mtu alichomeka bomba ili akaze kupita kiasi. Mikato ya msumeno juu ya taya ni ya mwenye haraka. Chuma cha kusubu huvumilia sana kubana, hakivumilii kupondwa nyundo, kwa hiyo pitisha kidole taratibu kwenye shina la taya ukitafuta ufa. Ukikuta mshono wa shaba nyeusi hapo, usilidharau: kuna fundi aliyeona linastahili kutibiwa, akalitibu.

Na linatibika kweli. Bamba za taya zimefungwa kwa skrubu. Zikiisha meno unafungua na kuweka nyingine. Nati ya ndani ikilika, mchonga vyuma mzuri ataitengeneza upya. Aliyeliunda alijua kwamba sehemu fulani zitachakaa kabla ya nyingine, akamwachia mrithi njia.

Ndiyo maana siyafungii kabatini kama mapambo. Nikishaondoa kutu na kutia grisi, mengi huyapeleka kazini. Kwa hiyo nawasihi wenye karakana ya marehemu mzee iliyofungwa siku nyingi: kabla hamjauza chochote, ulizieni mtaani kwenu fundi kijana ambaye bado anabana kazi yake kwa kuikanyaga na mguu.