MANENO YA KUTIA MOYO, NANI ANAYALIPIA?

Somo: 1 Wafalme 22:1–38, Matendo ya Mitume 4:36–37 na 9:26–27

Jumapili iliyopita tulisoma habari za Mikaya mwana wa Imla, na baada ya ibada kijana mmoja wetu anayeuza bima akanifuata mlangoni. Akaniuliza, "Pasta, kwani ni dhambi kumtia mtu moyo?" Nilimjibu haraka haraka, tukacheka, tukaachana. Lakini swali lilikataa kulala, kwa hivyo nalijibu tena hapa, polepole.

Kwanza mjue kazi ya ajenti wa bima ilivyo. Wengi wao hawana mshahara. Wanakula komisheni, yaani bila kuuza hakuna unga. Anatembea kutoka Olympic hadi Ayany, anapanda ngazi za maofisi ya mjini, watu kumi wanamfukuza, na wa kumi na moja anamwambia arudi mwisho wa mwezi. Moyo wa mtu kama huyo unaisha kama betri ya simu. Ndiyo maana kampuni huwapeleka kwenye makongamano, Naivasha ama Mombasa, na kuwaletea wanenaji wa motisha. Jambo hili si la jana. Mwaka 1927 watu 32 wa bima ya maisha walikutana Memphis, Marekani, wakaanzisha Million Dollar Round Table, chama cha wale wanaouza sana, na mikutano yake hadi leo inajulikana kwa wanenaji wake. Hapa kwetu muungano wa kampuni za bima, AKI, hutoa tuzo kila mwaka kwa maajenti waliofanya vizuri. Sioni kosa hapo. Anayefanya kazi apongezwe.

Na bima yenyewe ni kitu kizuri. Sisi wa Kianda tunajua vile moto ukishika mabati ya nyumba moja unavyokula mstari mzima. Tunajua pia kuzungusha bahasha ya matanga, na vile inavyorudi nyepesi kila mara.

Sasa Mikaya. Wafalme wawili wameketi langoni pa Samaria, na mbele yao manabii kama 400, wote neno lao ni moja: panda Ramoth-Gileadi, utashinda. Sedekia amekuja hata na pembe za chuma, kuonyesha vile adui atasukumwa. Hilo ni kongamano, wapendwa. Lina jukwaa na lina vifaa. Mjumbe aliyetumwa kumwita Mikaya anampa ushauri wa kirafiki: na wewe useme mazuri kama wenzako. Sidhani mjumbe yule alikuwa mtu mbaya. Alitaka tu siku iende vizuri.

Watu ambao sikuwa nimewaona, miaka yote nikihubiri sura hii, ni askari. Ahabu ndiye aliyepewa moyo, lakini waliobeba mikuki ni wao, na hakuna aliyewauliza. Mikaya alipofungua kinywa aliwaona hao: watu wametawanyika milimani kama kondoo wasio na mchungaji. Jioni ya vita Ahabu akafa ndani ya gari lake, na jeshi likaambiwa kila mtu arudi kwao. Wale 400 hatusomi kwamba hata mmoja alipigwa mshale.

Kwa hivyo swali la kijana wetu linageuka kidogo. Kutia moyo si dhambi. Lakini maneno yakikosa kutimia, nani analipa? Na je, alikuwa ndani ya ukumbi yaliposemwa?

Kuna mama wa kanisa hili, ameniruhusu niandike bila jina, anayefua nguo kwa watu. Alichukua bima ya elimu ya mtoto wake, shilingi 1,500 kila mwezi. Ajenti alikuwa ametoka kongamano akiwaka moto. Huko walifundishwa kwamba neno "siwezi" linakaa kichwani tu, si mfukoni. Naye akampelekea mama maneno yale yale: usiseme huna, sema utapata. Mama akaweka sahihi. Akalipa miezi 11, kisha familia mbili alizokuwa akifulia zikahama, na siku zake za kazi zikapungua kutoka nne hadi moja kwa wiki. Bima nyingi za akiba hazina kitu cha kurudisha kabla hazijalipiwa miaka 3. Hiyo iko kwenye karatasi, kwa Kiingereza, herufi ndogo. Ajenti hakusema uongo hata mmoja. Kampuni haikuvunja sheria. Shilingi 16,500 zimeenda.

Ajenti huyo ndiye kijana aliyeniuliza swali mlangoni. Na mwezi ule, kabla ya kwenda kwa mama, alikuja hapa mbele tumwombee apate wateja 20. Mimi ndiye niliyemwekea mikono. Kanisa lote likasema amina, na mama akiwa kwenye kiti cha tatu akasema amina pamoja nasi.

Ndiyo sababu siwezi kuwarushia mawe wanenaji wa hoteli. Mwaka wa kufunguliwa, mwaka wa mara dufu, si hayo yametoka kwenye madhabahu zetu? Tukumbuke ile michezo ya pesa ya piramidi ya 2006 na 2007. Mingi iliingia kupitia makanisa, kwa ushuhuda na makofi, na kamati ya serikali ikahesabu baadaye zaidi ya watu 148,000 waliopoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Bima si piramidi, nasema wazi. Lakini makofi ni yale yale. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji (mnisamehe mfano wa pombe), na sisi wahubiri tumesifiwa sana.

Basi tunyamaze? La. Barnaba aliitwa kwa jina la kufariji watu, lakini angalia alianza na nini: aliuza shamba lake akaweka pesa miguuni pa mitume. Halafu Sauli alipoogopwa na wote, Barnaba akamshika mkono akampeleka kwao. Kama Sauli angekuwa mdanganyifu, Barnaba angekuwa wa kwanza kushikwa. Mnenaji wa kongamano anapokea bahasha yake na kuondoka usiku huo huo. Ningependa siku moja asimame pale awaulize maajenti: kati ya uliowauzia mwaka juzi, wangapi bado wanalipa? Makofi yatapungua, najua.

Kijana wetu ameuliza kampuni, akaambiwa bima ya mama inaweza kufufuliwa akilipa miezi minne iliyopita, yaani shilingi 6,000. Amesema atatoa nusu kwenye komisheni yake, na nusu nitatoa mimi, kwa sababu mikono ilikuwa yangu. Jumamosi tunaenda kwake. Lakini labda mama hataki bima tena. Labda 6,000 hizo ataziona bora kwa karo ya Januari, na hapo ajenti hapati kitu. Tutamuuliza yeye.