Kibuyu cha Kogo



Mwambie mtoto wa Eldoret achore picha ya kumpelekea mwenzake wa Japani au Ujerumani, na mara nyingi ataanza na simba. Simba, twiga, na jua jekundu linalotua nyuma ya mti mmoja. Mtoto huyo amezaliwa mtaa wa Langas, kila siku anavuka Mto Sosiani kwenda shuleni, na simba hajamwona ila kitabuni. Hana nia ya kudanganya. Amekisia tu kile ambacho mgeni anatazamia kutoka Afrika, akampa kabla hajaombwa.

Shule kubadilishana michoro na shule za ng'ambo ni jambo jepesi kulieleza. Kila mtoto hupewa karatasi na swali moja: kwenu kukoje? Nyuma ya picha huandika jina lake la kwanza na sentensi mbili tatu. Bahasha inavuka bahari, na baada ya miezi inakuja nyingine. Lakini swali lenyewe ni zito, na wengi wetu tulio watu wazima lingetukwamisha.

Mwalimu mwenye busara humrudishia mtoto simba wake kwa upole na kumwuliza: ukiamka asubuhi, unaona nini? Mtoto anarudi nyumbani akiwa na swali. Anamwuliza kogo, yaani nyanya yake, kwa nini kile kibuyu, sotet, kina harufu ya moshi. Kogo anamweleza jinsi kijiti cha mti wa senetwet kinavyochomwa kikawa kaa, kaa likasuguliwa ndani ya kibuyu, maziwa yaliyochemshwa na kupoa yakamiminwa humo, yakafungwa na kuachwa siku kadhaa mpaka yawe mursik. Ni mursik ileile wanayonyweshwa wanariadha wetu wakitua uwanja wa ndege na ushindi. Mtoto ameinywa tangu aachishwe ziwa na hakuwahi kuuliza. Ameuliza leo kwa sababu kuna mtoto wa mbali asiyejua. Mgeni huyo, kabla hajapokea chochote, amekwisha kumpa mtoto wetu nyanya yake.

Na kuna jambo lingine linalonigusa zaidi. Eldoret si mji wa kabila moja. Kwenye dawati lilelile anakaa mtoto anayechora kiondo cha mkonge, na nyuma yake yupo anayechora ngoma ya isukuti, na mwingine ambaye baba yake alichonga mawe Tabaka kule Kisii kabla ya kuhamia huku. Wanachungulia karatasi za wenzao, wanaulizana, wanasahihishana rangi. Picha haijafika hata posta, na tayari imevuka mpaka mmoja, ule ulio mgumu kwetu kuliko bahari.

Hatuwezi kuzungumzia mpaka huo kana kwamba hatuujui. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa moto watu wakiwa wamekimbilia ndani. Maelfu walilala katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu na katika uwanja wa maonyesho. Askofu Cornelius Korir, aliyewafungulia lango, alitumia miaka yake iliyobaki, mpaka alipofariki Oktoba 2017, kukutanisha jirani na jirani. Hakuanza na wakubwa. Aliwaketisha watu wachache wachache, na akawapa kazi ya kufanya pamoja: barabara, josho la ng'ombe, shule. Aliamini kwamba mikono ikishughulika pamoja, ulimi nao hufunguka. Nikiona watoto wanne wameinamia kopo moja la rangi, namkumbuka.

Maandiko yanalijua jambo hili la kufanya kazi pamoja. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu anapotaka hema lake litengenezwe, anamwita kwa jina Bezaleli wa kabila la Yuda na kumjaza Roho wake ili achonge, achore na kutarizi. Kisha anamweka pamoja naye Oholiabu, wa kabila la Dani. Ukisoma kitabu cha Hesabu utaona kwamba safarini Yuda walitangulia mbele kabisa, na Dani wakafunga msafara. Waliotangulia na waliofunga msafara, Bwana aliwaweka kwenye meza moja ya kazi. Sidhani ilitokea tu.

Ndiyo maana inaniuma mzazi anapomwambia mtoto aache kuchora akasome. Mtoto huyo anasoma.

Na picha za watoto zimewahi kuvuka hata mpaka wa vita. Mwaka 1947 watoto wa kanisa la All Souls, Washington, Marekani, walikusanya penseli, rangi na karatasi, kiasi cha nusu tani, wakazipeleka Hiroshima. Vita kati ya nchi zao vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma. Sehemu ya shehena ilifika Shule ya Msingi ya Honkawa, iliyokuwa karibu kabisa na mahali bomu la atomiki lilipolipukia, na ambayo ilikuwa imepoteza wanafunzi wapatao 400. Waliobaki walichora picha za shukrani. Dunia nzima iliufahamu mji wao kwa jambo moja tu, kama vile wengi walivyoifahamu Eldoret mwaka 2008. Wao walichora maua ya micheri, michezo na nguo za rangi, yaani kwao, jinsi walivyokupenda.

Picha hizo zilitunzwa na kanisa kwa miaka mingi, zikasafishwa na kutengenezwa upya. Mwaka 2010 zilipelekwa Honkawa kwa maonyesho na kutundikwa shuleni. Baadhi ya waliozichora walikuwa bado hai, sasa wazee. Walikuja wakasimama mbele ya ukuta, kila mmoja akiitafuta yake.