Si Lake Peke Yake Kusamehe

Tumelelewa tukiambiwa mstahimilivu hula mbivu, na waamuzi wetu wengi huingia uwanjani na malezi hayo. Kocha anaporomosha matusi ya nguoni, benchi zima linasikia, refa anajifanya hakusikia. Mechi ikiisha watu wanamsifu: yule ana kifua. Sifa hiyo hunitatiza.

Kusamehe ni haki ya aliyekosewa. Lakini refa yule hakutukanwa mtaani kwake. Ametukanwa akiwa kazini, filimbi mkononi. Akilimeza tusi, litamsubiri mwamuzi wa Jumapili ijayo, pengine binti anayechezesha ligi ya wilaya bila askari hata mmoja. Huyo hakuulizwa kama naye amesamehe.

Sisemi kila kelele ni tusi. Kocha aliyenyimwa penalti atarusha mikono na kuuliza kama refa ana macho. Ana damu, naye. Neno la upole kutoka kwa mwamuzi wa akiba humtuliza, na akizidi, kadi ya njano ipo. Mambo hubadilika pale anapoacha kulalamikia uamuzi, akamgeukia mtu: mama yake, kabila lake, rangi yake. Hapo ni nyekundu. Tangu 2019 sheria za soka zinaruhusu benchi la ufundi kuonyeshwa kadi, na asipojulikana aliyekosa, kadi humwangukia kocha mkuu aliyepo.

Mwaka 2023 jijini Budapest, Roma ilipoteza fainali ya Europa League kwa penalti mbele ya Sevilla. Kocha wa Roma, José Mourinho, alimvizia mwamuzi wa mechi hiyo, Anthony Taylor, kwenye maegesho ya magari akamtolea maneno machafu. Kesho yake mashabiki wa Roma walimzonga Taylor na familia yake uwanja wa ndege. Sitasema la maegesho ndilo lililozaa la uwanja wa ndege. Hasira zilikuwa tele tangu usiku. Ila mashabiki huwatazama wakubwa wao. UEFA ilimfungia Mourinho mechi nne.

Adhabu kama hiyo husimama juu ya ushahidi, na mara nyingi ushahidi ni ripoti ya refa. Hapa ndipo adabu yetu hutuponza. Refa anaona haya kuliandika tusi, anaandika “kocha alitumia lugha isiyofaa”. Kamati ya nidhamu ipime nini sasa? Aliandike neno kama lilivyotamkwa, dakika yake, na nani mwingine alisikia. Asiongeze chumvi.

Uwanjani napo awe hivyo hivyo. Mpira usimame, asogee, aseme kwa sauti ya chini, atoe kadi, arudi kazini. Refa anayejibu kwa kejeli ameshakuwa mgomvi wa pili, na ugomvi wake hauna mwamuzi.

Jioni kocha akimpigia simu kuomba radhi, aipokee kwa moyo mweupe, hata wacheke pamoja. Ripoti iende vilevile.