Chombo Kikirudi Kitupu

Ujumbe uliingia nikiwa nimekaa kwenye jeti ya Mtangawanda, nikingoja boti ya kutoka Amu. Boti zetu hufuata maji. Maji yakipungua Mkandani safari huweza kuchelewa, na kama una haraka ni shauri lako. Kwa hivyo nilikuwa na muda wa kuusoma ujumbe ule mara tatu. Kambi ya watoto, Ulaya, likizo ya majira ya joto. Wiki 5 za kufundisha Kiingereza. Chakula na malala bure. "Umechaguliwa," waliandika.

Si unajua raha ya neno hilo kwa mtu aliyeacha chuo kikuu mwaka wa pili, na tangu hapo hajachaguliwa na yeyote? Nikamwonyesha ami yangu, aliyekuwa akingoja mzigo wake wa unga. Ami ni mvuvi. Hakuuliza ni nchi gani. Aliuliza, "Fungu lako ni lipi?"

Nikamweleza. Kufundisha saa tano kwa siku, jioni kuwaangalia watoto mpaka walale. Mshahara hakuna, kwa sababu mimi ni "mtu wa kujitolea", ila kuna euro 40 kwa wiki za kutia mfukoni. Nauli ya ndege juu yangu. Visa juu yangu. Na ada ya usajili euro 150, itumwe kabla ya Ijumaa.

Ami akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo wewe unalipa nauli, unalipa usajili, halafu unafanya kazi." Akanyamaza kidogo. "Na wao wanatoa nini?"

Nilikasirika, kusema kweli. Nilikuwa na jibu tayari: mimi ni mtu mzima, hakuna aliyenishika mkono, nimekubali mwenyewe. Na mtu akikubali mwenyewe, ameonewa vipi? Hilo ndilo jibu letu vijana siku hizi. Tunaita kujitafutia. Ukilalamika unaambiwa hutaki kuanzia chini.

Lakini swali la ami lilikataa kuondoka, kwa sababu lilitoka mahali ninapopajua. Kwetu chombo kikirudi na samaki, kwanza zinatolewa gharama za safari: mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki kinagawanywa. Kuna fungu la chombo, la nahodha, na mafungu ya mabaharia. Hesabu hutofautiana chombo na chombo, na wenye vyombo si malaika, wengine fungu lao ni nono kupita kiasi. Ila kila mtu analijua lake kabla nanga haijang'olewa. Na kuna jambo la pili, ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka siku ile. Chombo kikirudi kitupu, baharia amepoteza usiku wake na nguvu zake, na mwenye chombo amepoteza mafuta yake. Hata hasara ina mafungu.

Sasa itazame ile kambi kwa jicho hilo. Visa ya Schengen, tangu Juni 2024, ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hurudishiwi. Hasara yangu. Wazazi wasipoandikisha watoto wa kutosha, kambi ikafutwa, tiketi ni yangu. Wakinichoka wiki ya pili wakanirudisha, nauli ni yangu, na wao wanamwita anayefuata kwenye orodha. Kila kinachoweza kuharibika nimebebeshwa mimi, na kati yetu mimi ndiye mwenye mgongo mwembamba zaidi.

Hapo ndipo nilipobadilisha mawazo. Nilikuwa nikipima haki ya kazi kwa mshahara. Mshahara mdogo peke yake si dhuluma. Kuna kazi ndogo za halali tele. Pa kuangalia ni siku mambo yakienda kombo: nani analipa? Ikiwa jibu ni mtu mmoja tu kila mara, basi hata akubali kwa furaha na kutia sahihi, amekubali kuonewa.

Kazi fupi ndiyo inayoficha jambo hili vizuri zaidi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Wiki 5 ni dagaa, zinapita kwenye macho ya wavu. Duniani, Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada ili apate kazi, isipokuwa kwa vighairi vichache vinavyopitishwa rasmi. Lakini ukiitwa "wa kujitolea" wewe si mfanyakazi, kwa hivyo ada inarudi kwa mlango wa nyuma. Na waliniambia kitu kingine: "Ubalozini sema unakwenda kutembea." Yaani hata uongo niubebe mimi. Nikidhulumiwa huko nitamshtaki nani, wakati mimi mwenyewe nimeingia kwa udanganyifu?

Sisemi kila kambi ni mtego. Lakini mwaka 2022 kulikuwa na Wakenya walioahidiwa kazi Thailand, wakajikuta Myanmar wamefungiwa kwenye kambi za utapeli wa mitandaoni, mpaka serikali ikaingilia kuwaokoa. Mlango wa mtego na mlango wa kazi nzuri hufanana kwa nje. Vyote viwili huanza na "umechaguliwa".

Kulikuwa na jambo jingine lililoniuma. Kwenye tangazo la kambi hiyohiyo, wenye pasipoti ya Uingereza au Ireland walipewa euro 250 kwa wiki na kurudishiwa nauli. Mwenye cheti cha ualimu akilipwa kunishinda sina neno, mimi shahada sina. Lakini hawakuuliza cheti, waliuliza pasipoti. Kiingereza ni lugha rasmi kwenye Katiba yetu ya 2010, lakini duniani kuna Kiingereza cha kuzaliwa nacho na Kiingereza cha kujifunza, na bei si moja. Hata Korea Kusini, visa yao ya walimu wa lugha kwa kawaida inataka mwalimu wa Kiingereza awe raia wa moja ya nchi 7. Ya Afrika ni moja tu, Afrika Kusini.

Mama alikuwa na hoja yake, nayo nzito. "Kufundisha watoto kuna thawabu, mwanangu." Kweli. Mwalimu wangu wa madrasa alitufundisha miaka mingi kwa ada ndogo, na hakuna aliyesema ameonewa. Lakini sadaka yake hakuna aliyeiuza. Kambi inawatoza wazazi. Mimi nikijitolea, mwenye kambi naye anajitolea nini? Sadaka yangu ikipita dukani kwa mtu mwingine, ikawekewa bei, imeshakuwa bidhaa.

Nikawaandikia maswali manne. Ada ya usajili inalipia nini? Visa ikikataliwa au kambi ikifutwa, nani analipa nauli? Mkataba mtanitumia kabla sijanunua tiketi? Mtaniandikia barua ya ubalozi inayosema ukweli kuhusu kazi yangu? Jibu lilikuja baada ya saa moja: nafasi yangu imepewa mwingine.

Ningependa kumaliza hapo, nikiwa shujaa. Lakini rafiki yangu alikwenda kambi nyingine ya aina hiyohiyo, akarudi na picha nyingi na deni la nauli ambalo bado analilipa. Nikimuuliza, anasema angekwenda tena. Simwiti mjinga. Yeye ameona dunia, mimi nimeuona Mkanda. Na kukataa kwangu hakukuibadilisha ile kambi hata kidogo. Kuna kijana mwingine, pengine wa Nakuru, pengine wa Kampala, aliyefurahia neno "umechaguliwa" kama nilivyofurahi mimi, akatuma zile euro 150 kabla ya Ijumaa.

Ndiyo maana nayaandika maswali yale hapa. Nikiuliza peke yangu, ninapoteza nafasi tu. Tukiuliza sote, labda itawabidi wajibu.

Siku ile boti ilifika maji yalipojaa. Hamali akaja kuuchukua unga wa ami. Kabla hajauinama, alitaja bei. Ami akaipunguza, hamali akakataa, wakakutana katikati. Ndipo gunia likapanda begani.